Bujumbura kwa Miguu: Kutoka Bandarini hadi Ruziba

Watanzania wengi huingia Bujumbura kwa basi, wakipitia Kabanga na Kobero, au kusini kupitia Manyovu na Mugina. Wenye haraka na fedha hupanda ndege. Wanaoingia kwa maji siku hizi ni mabaharia na mifuko ya saruji, nami niliingia na saruji. Mwenye meli mmoja wa Kigoma, baada ya barua na simu nyingi, alikubali jina langu liandikwe kwenye orodha ya mabaharia wake, nikapewa godoro nyuma ya chumba cha nahodha. Tuling'oa nanga jioni. Kutoka Kigoma hadi Bujumbura ni kama kilomita 170 kwenda kaskazini, safari ya usiku mmoja kwa chombo kilichoshiba mzigo.

Usiku ule sikulala sana. Kabla ya alfajiri mkono wetu wa kulia ulijaa taa. Zilikuwa nyingi, nyeupe, zimetapakaa juu ya maji kana kwamba kuna mji mwingine ziwani. Baharia aliyekuwa zamu aliniambia ni wavuvi wa dagaa, na kwamba taa hizo ni za watu wa Kabezi na Ruziba. Kabezi nilikuwa nimewahi kulisikia. Ruziba sikuwa nalijua. Akanieleza kwamba ni mtaa wa mwisho wa mji upande wa kusini, kando ya barabara ya Rumonge, na kwamba samaki wengi wanaoliwa Bujumbura hupita kwenye fukwe za upande huo. Hapo hapo nikajua nitakapokwenda.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeingia kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa. Kushoto ilisimama milima ya Mitumba upande wa Kongo, na Uvira chini yake. Kulia vilima vya Mumirwa vilishuka hadi karibu na maji, na mbele ulitanda uwanda ambao mto Rusizi huupitia ukitokea Ziwa Kivu. Mji umekaa katikati ya vyote hivyo, umeegemea vilima na kulitazama ziwa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye bandari ya kupwa na kujaa, ambako asubuhi unaona mashua zimelala kwenye tope na mchana zinaelea. Hapa maji hayana saa. Gati ni lile lile asubuhi na jioni. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa miaka, na hilo nililielewa vizuri zaidi baadaye siku ile.

Bandari ya Bujumbura ni mahali pa kazi tu, hapana cha kumpendeza mgeni, na sioni sababu ya kuilaumu kwa hilo. Kuna kreni, maghala, malori yanayongoja, na wapagazi wenye magunia mabegani. Kinachoshuka ni saruji, sukari, mahindi na vyuma, kutoka Kigoma na kutoka Mpulungu nchini Zambia, mwisho wa kusini wa ziwa hili lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670. Kinachopanda ni kidogo. Nahodha wetu alitarajia kurudi mtupu, na alisema hivyo bila kushangaa.

Njia hii ya mizigo ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe tunaoujua leo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilipokabidhiwa Ruanda-Urundi, ilijikuta na nchi isiyo na bahari. Mwaka 1921 ikakubaliana na Uingereza ipewe maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Shehena ilishuka melini Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikapakiwa tena na kuletwa hapa, mji ulipokuwa ungali unaitwa Usumbura. Karne moja imepita na saruji niliyolala nayo ilifuata kipande cha mwisho cha njia ile ile.

Afisa wa uhamiaji alitazama hati yangu na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Akaniuliza kwa Kiswahili nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kutembea.

"Kutembea wapi?"

"Ruziba."

"Kuna ndugu zako Ruziba?"

"Hapana, afande. Sijawahi kufika."

Akaninyooshea kidole upande wa kusini, akagonga muhuri. Nahodha alikuwa ameshanionya: saruji itamalizika kushushwa kesho jioni, na meli haimngoji mtu.

Ukitoka lango la bandari, mtaa wa kwanza kukupokea unaitwa Quartier Asiatique, mtaa wa Waasia. Jina hilo ni la enzi za Wabelgiji, waliogawa mji kwa rangi za watu: Wazungu huku, Wahindi na Waarabu kule, Waafrika mbali kidogo. Leo wanakaa watu wa kila aina, lakini baadhi ya nyumba bado zina sura ya duka la Kihindi kama tulizonazo Tanga na Tabora: baraza pana mbele, duka chini ya paa moja na makazi, ua nyuma. Nilitembea humo taratibu. Asia ilifika hapa kwa miguu. Iliteremka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikapumzika Ujiji, kisha ikapanda mitumbwi kuja kaskazini. Pembe, watumwa, shanga na vitambaa vilipita njia hiyo, na ni lazima kuvitaja vyote pamoja. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kama Rumaliza, alijaribu kueneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi pembe hii ya ziwa. Warundi wa mfalme wao, Mwami Mwezi Gisabo, walimzuia asipenye nchi ya ndani. Ndiyo maana Uswahili wa Burundi ulibaki ufukweni na mjini, wala haukupanda milimani kama ulivyofanya sehemu nyingine.

Na ukitaka kuuona Uswahili huo, ni Buyenzi, hatua chache kutoka hapo. Wabelgiji waliujenga mtaa huu uwe kijiji cha Waswahili. Njia zake zimenyooka na zimepewa namba badala ya majina, nyumba zimebanana, msikiti hauko mbali na msikiti. Niliingia asubuhi, wakati wa chai na maandazi. Kanzu, kofia, leso, redio ya habari za mpira, fundi wa kuchomelea vyuma anayerusha cheche hadi katikati ya njia. Kwa muda nilisahau kwamba nimevuka mpaka. Kisha mtu mmoja alifoka kwa Kirundi, mwingine akamjibu kwa Kiswahili, wa tatu akamalizia kwa Kifaransa, na wote watatu wakacheka.

Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani na tasbihi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu si wa hapa. Wa wapi?"

"Tanga."

"Tanga ya Pangani?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

Akaniita nikae. Babu yake alitoka Ujiji, bibi yake alikuwa Mrundi wa Muramvya. Nduguze wawili wako Maskati. Waliondoka miaka ya sabini, Sultani Qaboos alipofungua milango kwa watu wenye asili ya Oman waliotawanyika Afrika Mashariki. Waliotoka Zanzibar wanajulikana zaidi, lakini Burundi, Rwanda na Kongo nako walitoka watu. Mzee aliniambia wajukuu wa nduguze humpigia simu kwa Kiswahili, na mmoja wao hupenda kumtupia neno moja moja la Kirundi kumfurahisha. Nikamwuliza kwa nini yeye hakwenda. Alifikiri kidogo, akasema mama yake alikuwa hai wakati ule na hakutaka kuhama.

Tukazungumza juu ya Louis Rwagasore, maana huwezi kukaa baraza la Buyenzi ukamkwepa. Waislamu wa mtaa huu walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wakubwa, alipokuwa akijenga chama cha UPRONA na kudai uhuru. Alikuwa mtoto wa Mwami, na bado alikuja kuketi na wachuuzi na mafundi. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi akila chakula katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Mzee alimtaja kwa jina moja tu, Rwagasore, kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani aliyetangulia.

Kutoka Buyenzi nilishika njia ya kusini. Katikati ya mji sikukaa sana. Nilipita palipokuwa na soko kuu, lililoungua tarehe 27 Januari 2013. Moto ule uliteketeza mali za maelfu ya wachuuzi kwa siku moja, na biashara ikatawanyika kwenye masoko ya mitaani. Nilitazama kaburi la Rwagasore kwa mbali, juu kwenye kilima. Kisha nikavuka mto Muha.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sitembei peke yangu. Bujumbura nzima ilikuwa inatembea. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na kwa miaka kadhaa sasa mafuta yamekuwa ya shida. Magari husimama kwenye foleni ndefu karibu na vituo vya mafuta, madereva wakiwa wamelala ndani. Kwenye vituo vya basi watu hupanga mstari mrefu kwa utaratibu ambao sijauona Dar es Salaam, na anayeona mstari haupungui huanza safari kwa miguu. Wanafunzi, makarani wenye mikoba, mama mwenye beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa natembea kwa hiari. Wao walikuwa wanatembea kwa lazima. Kijana mmoja aliyefuatana nami hadi Kinindo, mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia hutembea kilomita nyingi kila siku na kwamba siku ya mvua hufika darasani viatu akiwa amevishika mkononi. Aliniambia pia, bila mimi kumwuliza, kwamba anaipenda kazi yake.

Mito ya Bujumbura inastahili kuangaliwa na kila anayepita. Ntahangwa, Muha, Kanyosha: yote huteremka kutoka Mumirwa kwa kasi, na milima ile imelimwa hadi kileleni. Mvua ikinyesha juu, maji huja na mawe na udongo, yakala kingo, yakachimba makorongo yenye kina cha kutisha katikati ya makazi. Nilisimama kwenye daraja la Kanyosha nikaona nyumba ambayo nusu yake imeshaondoka. Iliyobaki ilikuwa na chumba kimoja na kamba ya kuanikia nguo, na nguo zilikuwa zimeanikwa. Mtu anakaa humo. Nasema hivi kwa sababu wageni wengi huisifu Bujumbura kwa fukwe zake na jua linapozama Kongo, na sifa hizo ni za haki, lakini mji huu umebanwa na maji ya pande mbili. Yanashuka kutoka juu na yanapanda kutoka chini.

Ruziba huanza pale mji unapoanza kuchoka. Barabara ya Rumonge hupita katikati, vibanda vya simu, vinyozi, wauza mkaa, malori yaliyobeba mapipa ya mawese kutoka kusini. Kwa mpango wa mwaka 2014 uliougawa mji katika tarafa tatu, Ruziba iliwekwa katika tarafa ya Muha, lakini kila kitu kinakuonyesha kwamba shamba liko karibu: mihogo nyuma ya nyumba, mbuzi barabarani, michikichi. Upande wa kushoto kuna vilima. Mwaka 1999, wakati wa vita, serikali iliwakusanya kwa nguvu zaidi ya watu 300,000 wa mkoa wa Bujumbura Rural katika kambi, na vilima vya mashariki na kusini mwa mji vikaachwa bila watu. Leo vimejaa nyumba na migomba. Anayevitazama bila kuambiwa hawezi kujua.

Nilikata kulia, nikafuata njia ya mchanga inayoshuka ziwani, nikafika mwaloni saa ambayo kazi ya samaki inaelekea kwisha na ya dagaa wa kuanika inaendelea. Pale nilikaa mchana wote.

Wavuvi wa dagaa, au ndagala kama wanavyoitwa hapa, hufanya kazi usiku wa giza. Wanafunga mitumbwi pamoja kwa miti, wanashusha wavu katikati, wanawasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi hutumia taa za betri. Wadudu wadogo wa majini huifuata nuru, dagaa huwafuata wadudu, na mukeke, yule tunayemwita mgebuka Kigoma, huwafuata dagaa. Wavu huinuliwa ukabeba wote. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, maana ziwa zima lina nuru, basi wavuvi hukaa nchi kavu, hushona nyavu, hunywa, hugombana na wake zao. Maneno hayo ya mwisho si yangu. Ni ya mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa juu ya chanja, na wenzake walimwunga mkono kwa kicheko kirefu.

Chanja hizo ni jambo la kutazama. Dagaa wa mchangani huingia mchanga, huliwa na kuku, mvua ikija huoza. Kuanzia mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifundisha wavuvi wa kusini mwa Burundi, kwenye mialo ya Mvugo na Muguruka, kutengeneza chanja za wavu wa waya zilizoinuliwa juu ya ardhi. Hewa hupita chini, dagaa hukauka upesi na hubaki safi. Mpango ulikuwa mdogo, lakini watu wa mialo mingine waliona, wakaiga. Nimeandika juu ya miradi mingi iliyokufa fedha za wafadhili zilipokwisha, na ndiyo sababu chanja ile ya Ruziba, iliyopigwa kwa miti ya kienyeji na waya wa kuunga, ilinipa furaha kubwa. Hakuna aliyewalazimisha.

Yule mama, ambaye hapa nitamwita Mama wa Chanja, alinikaribisha chakula bila kuniuliza mara mbili. Alikuwa na mukeke wa kuchoma, ugali wa muhogo, pilipili na ndimu. Tukala kwa mkono, tukiwa tumeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha ufukweni, chepesi, chenye Kirundi ndani yake.

"Kula, kaka. Huyu hajafika hata sokoni."

"Asante sana, mama. Mwaka huu samaki wapo?"

"Wapo kidogo. Zamani baba yangu alikuwa anajaza. Sasa mitumbwi ni mingi, ziwa ni lile lile."

Alichosema ndicho nchi nne za ziwa hili zinachohangaika nacho. Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na mpango huo ulikuwa sehemu ya makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Mama wa Chanja hakuupinga. Alichouliza ni nani atawalisha watoto miezi hiyo. Nadhani ni swali la haki kabisa, na kwamba wanaolijibu kwa maneno "wafanye shughuli mbadala" wangefaa kuja hapa wakaitaja shughuli hiyo.

Aliponionyesha nyumba yake ya zamani, alinyoosha mkono kuelekea majini. Nilidhani anaonyesha mtumbwi. Alikuwa anaonyesha kisiki cha mwembe kilichosimama ndani ya ziwa, mbali kidogo na ufuko. Mwembe ule ulikuwa uani kwake. Maji yalianza kupanda miaka michache kabla, na mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Niño, yalifika mahali ambapo watu wa umri wake hawakuwahi kuyaona. Gati za bandarini zilifurika, hoteli za ufukweni zilifungwa, huko Gatumba kaya baada ya kaya zilihama. Yeye na watoto walihamia kwa shemeji, juu karibu na barabara.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, karibu na Kalemie. Maji mengi zaidi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mvua zikizidi, mlango ule mmoja hautoshi. Na imewahi kutokea zaidi ya hapo. Katika miaka ya 1870 Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo, ziwa likajaa hadi mita kadhaa juu ya lilivyo sasa. Kizuizi kilipasuka karibu mwaka 1878, maji yakashuka kwa miaka. Vijiji vya wavuvi viliyafuata maji yalipokuwa yakirudi nyuma, na sehemu kubwa ya ufuko tunaoukalia leo ilipatikana hivyo. Nilimweleza Mama wa Chanja habari hiyo. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza kama mlango huo wa Kongo hauwezi kupanuliwa. Nikamwambia wataalamu na serikali wamelizungumzia. Akasema basi wazungumze upesi.

Alasiri nilisogea kusini hadi Mugere kuliona jiwe. Ni jiwe kubwa juu ya mwinuko, limechongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Muda mfupi baada ya kukutana Ujiji, wawili hao walipanda mtumbwi kuja kutafuta jibu la swali moja: Rusizi huingia ziwani au hutoka? Burton na Speke walikuwa wamefika ziwa hili mwaka 1858 bila kulithibitisha kwa macho yao. Livingstone na Stanley walikuta unaingia. Wavuvi wa hapa walikuwa wakilijua jibu hilo tangu utoto. Waliowapigia makasia Wazungu hao walikuwa watu wa Ujiji, mabaharia wa maji haya haya, na majina yao hayapo jiweni. Mandhari ni nzuri. Sikukaa sana, nilitaka kurudi Ruziba kabla ya giza, maana jioni viboko hutoka majini kula majani na hawana adabu na wapita njia.

Niliporudi mwaloni mitumbwi ilikuwa ikitayarishwa. Vijana walikagua taa, mmoja alikung'uta wavu, mwingine alimwaga maji kwa kopo. Mama wa Chanja alikuwa anafunga dagaa waliokauka kwenye viroba. Nikamwambia nimekuja kuaga, kesho narudi Kigoma.

"Kigoma!" Akaacha kufunga. "Dada yangu yuko Kigoma. Yuko Mwanga. Alivuka na watoto wakati wa vita, akaolewa huko huko."

Hawajaonana kwa miaka. Kwa barabara ni Rumonge, kisha Nyanza-Lac, kisha Mabanda hadi mpaka wa Mugina, kisha Manyovu, kisha Kigoma. Kubadili gari kila mahali, na gari lenyewe likiwa na mafuta. Akaniuliza meli yetu ilitumia muda gani. Nikamwambia tuliondoka jioni tukafika asubuhi.

Ziwa hili liliwahi kubeba watu, na si zamani sana. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma ikiwa vipande ndani ya makasha, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927, iliwahi kutia nanga hapa Bujumbura. MV Mwongozo ilikuwa ikisafirisha abiria kati ya miji hii miwili. Kisha vita vikaja, safari zikakatika. Mara ya mwisho Liemba kubeba Warundi kwa maelfu ilikuwa Mei 2015, ilipowaokoa wakimbizi waliosongamana Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichozungukwa na milima, kipindupindu kikiwa kimeshaanza kuua. Meli ile ile ingeweza kuwabeba Mama wa Chanja na dada yake kwenda kusalimiana. Mwaka 2025 reli mpya ya kutoka Uvinza hadi Musongati iliwekewa jiwe la msingi, na nafurahi, madini na mizigo vitapata njia. Lakini reli hiyo haitapita Ruziba, wala Kabezi, wala Rumonge. Watu wa mwambao huu wana barabara yao tayari, imelala mbele ya milango yao, na hawaruhusiwi kuipita kwa tiketi.

"Na wanawake wanapanda?" akaniuliza.

"Meli yetu ni ya mizigo, mama. Mimi mwenyewe nimeandikwa baharia."

"Mwulize nahodha. Mwambie tuko wengi. Si mimi peke yangu."

Nilimwuliza nahodha kesho yake, saruji ya mwisho ikishuka. Alinijibu kwa uzito, kama mtu aliyeulizwa mara nyingi. Abiria wapo, alisema, kila safari wanakuja langoni. Chombo cha mizigo hakina leseni ya abiria, hakina bima yao, na makoti ya kuokolea aliyonayo ni ya mabaharia tu. Zinahitajika nchi mbili zikubaliane ratiba, ofisi ya uhamiaji ya kila upande ifungue dirisha la abiria gatini, na mtu alete chombo cha ukubwa wa wastani chenye viti na choo. Injini za safari hii zipo Kigoma, mafundi wapo, manahodha wapo. Yeye mwenyewe alianza ubaharia kwenye meli ya abiria, na angerudi huko hata kwa mshahara mdogo. Kisha akaniagiza nipande, akaenda kusimamia kufungwa kwa ghala.